Kusafisha Picha za Mawingu ya Nyota

Katika lugha yetu liko neno moja zuri ambalo vijana wa leo wameanza kulisahau. Zamani mtu alipokwisha kupiga picha kwa kamera ya filamu hakuweza kuitazama papo hapo. Alimpelekea filamu yake mwenye studio, na huyo aliingia katika chumba cha giza, akaitia katika dawa, akaiosha kwa maji na kuianika. Kazi hiyo yote iliitwa kusafisha picha. Walakini maana yake haikuwa kuondoa uchafu, bali kuitoa picha mahali ilipojificha hata ionekane. Nataka, ewe msomaji, tuitazame historia ya kusafisha picha za namna moja tu, nazo ni picha za yale mawingu ya mbali sana angani ambayo mabingwa huyaita nebula. Utaona ya kuwa katika kazi hiyo maana zote mbili zimo, kuitoa picha gizani na kuiondolea uchafu, na ya kuwa watu wenye akili nyingi wametatizika wasijue lipi ni picha na lipi ni uchafu.

Mahali pazuri pa kuanzia ni Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana. Mji huu uko kando ya mto Turkwel, digrii tatu na kitu kaskazini ya ikweta, katika nchi ya joto na ukame ambako mvua ya mwaka mzima aghalabu haifiki milimita 250. Ukiishika njia kuu iendayo Sudani Kusini, baada ya kilomita 120 hivi wafika Kakuma, penye kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992. Ukavu ulio taabu kwa mfugaji ni neema kwa mtazama nyota, kwa kuwa usiku mwingi wa mwaka mbingu huwa wazi. Mwanzoni mwa Februari, yapata saa tatu na nusu usiku, kundi la nyota liitwalo Jabari, ambalo Wazungu huliita Orion, hupita karibu na utosi wa mtu aliyesimama Lodwar. Nyota tatu za mshipi wake zimejipanga mstari mmoja, na kusini ya mshipi umening'inia upanga. Katikati ya upanga pana nyota isiyokuwa kali kama wenzake, kana kwamba imefunikwa na ukungu. Ukungu huo ndio nebula ya Jabari. Umbali wake ni miaka ya nuru ipatayo 1,300, yaani mwanga uuonao usiku huo uliondoka huko miaka 1,300 iliyopita.

Basi ukiielekeza kamera huko usitazamie kupata picha kama ile ya vitabuni. Utapata kitu cheusi-cheusi kilichojaa chenga, na katikati doa hafifu. Picha ya vitabuni imo humo ndani, lakini bado haijasafishwa.

Kwa karne nyingi hapakuwa na kamera wala dawa, palikuwa na jicho na kalamu tu. Mnamo mwaka 964, huko Isfahani katika Uajemi, Abd al-Rahman al-Sufi aliandika kitabu cha nyota, na ndani yake akataja wingu dogo katika kundi la Andromeda. Mwaka 1610 Mfaransa Nicolas-Claude Fabri de Peiresc aliliona wingu la Jabari kwa darubini. Naye Charles Messier wa Paris alitengeneza orodha ya vitu vya namna hii, na chapa yake ya mwaka 1781 ilikuwa na vitu 103. Nebula ya Jabari ni ya 42 katika orodha hiyo. Lakini sababu ya kuiandika yafaa kukumbukwa: Messier alikuwa akitafuta nyota zenye mkia, na mawingu haya yasiyosogea yalikuwa yakimdanganya. Aliyaorodhesha ili yeye na wenzake wayaepuke. Kwake yeye, mawingu ndiyo yaliyokuwa uchafu!

Waliokuja baada yake waliyachora. John Herschel alikaa Rasi ya Tumaini Jema kuanzia 1834 hata 1838, akaichora nebula ya Jabari kwa bidii kubwa. Wengine nao waliichora kwingineko, na michoro haikulingana. Ndipo ulipozuka ubishi: je, wingu lenyewe hubadilika umbo, au ni mikono ya wachoraji? Huko Ireland, Lord Rosse alijenga darubini yenye kioo cha upana wa futi sita, akaanza kuitumia mwaka 1845. Haikuwako duniani darubini kubwa kuliko hiyo. Rosse alitarajia kwamba kila wingu, likitazamwa kwa chombo chenye nguvu ya kutosha, litaonekana kuwa ni nyota nyingi zilizosongamana. Akaitazama nebula ya Jabari na kusadiki kuwa amekwisha kuanza kuona nyota hizo. Miaka ishirini haikupita. Mwaka 1864 William Huggins wa London alianza kuupitisha mwanga wa nebula katika kioo kiuchambuacho kwa rangi, akakuta kwamba nyingine, na ile ya Jabari miongoni mwake, ni gesi inayong'aa. Jicho la Rosse lilikuwa zima, na chombo chake kilikuwa bora. Lakini jicho huona upesi lile linalolitarajia.

Dawa ya ubishi huu ilikuwa kamera, walakini kamera za wakati ule hazikuweza kazi hiyo. Sahani za kioo zilizotumika zilipakwa dawa na ilibidi zitumike zingali mbichi, na katika dakika chache zilikauka zikawa hazifai tena. Mwanga wa nebula ni mdogo mno, dakika chache haziutoshi. Mwaka 1871 daktari Mwingereza, Richard Maddox, alieleza namna ya kutengeneza sahani kavu kwa gelatini. Sasa mtu aliweza kuiacha sahani wazi kwa saa nzima, mradi awe na mtambo wa kuigeuza darubini polepole ikifuata nyota, maana dunia haiachi kuzunguka.

Tarehe 30 Septemba 1880, karibu na New York, Henry Draper aliiacha sahani wazi kwa dakika 51, akaipata picha ya kwanza ya nebula ya Jabari. Alikuwa daktari kwa elimu yake. Aliyemfuata na kumpita alikuwa Andrew Ainslie Common, mhandisi wa mambo ya maji machafu, ambaye aliisimamisha darubini yake katika bustani ya nyumba yake huko Ealing. Picha yake ya mwaka 1883 ilionyesha nyota ambazo jicho, hata likisaidiwa na darubini ile ile, halikuweza kuziona. Chama cha Elimu ya Nyota cha Uingereza kilimpa nishani ya dhahabu mwaka 1884. Angalia basi, msomaji, ya kuwa kazi hii tangu mwanzo ilikuwa ya watu wasiolipwa mshahara kwa kutazama nyota. Waliifanya kwa mapenzi, baada ya kazi ya mchana.

Hapa nataka tutue kidogo, maana tumefika kwenye Kilimia. Nyota za Kilimia zajulikana sana Afrika Mashariki, na wakulima wetu tangu kale walizitazama wapate kujua majira ya kulima. Tarehe 16 Novemba 1885, ndugu wawili wa Paris, Paul na Prosper Henry, walipiga picha ya Kilimia, na pembeni ya nyota mojawapo, iitwayo Maia, wakaona wingu dogo lililojipinda. Hapana mtu aliyekwisha kuliona. Wangeweza kusema ni kasoro ya sahani, kwa kuwa sahani zilikuwa na kasoro nyingi: alama za vidole, mapovu, dawa iliyokusanyika upande mmoja. Kumbe siku chache kabla yao, tarehe 3 Novemba, Edward Pickering wa chuo cha Harvard, Marekani, alikuwa amepiga picha ya Kilimia, na alama ile ile ilikuwamo. Huko Harvard ilidhaniwa kuwa kasoro ya sahani, ikaachwa. Ndugu Henry waliliamini wingu lao, na mwaka uliofuata likaonekana kwa darubini kubwa ya Pulkovo, Urusi. Kwa hiyo mwenye kusafisha picha ana makosa mawili ya kuogopa, si moja. Aweza kuutangaza uchafu kuwa nyota, tena aweza kuitupa nyota pamoja na uchafu.

Hata hivyo Harvard walipata fidia yao. Miongoni mwa wanawake waliozichunguza sahani za chuo hicho alikuwako Williamina Fleming, aliyeanza kama mtumishi wa nyumbani kwa Pickering. Katika sahani iliyopigwa mwaka 1888 aliona, chini ya nyota moja ya mshipi wa Jabari, pengo jeusi lililoingia katika ukungu kama nusu duara. Leo pengo hilo lajulikana kwa jina la Kichwa cha Farasi, na ni vigumu kupata kitabu cha elimu ya nyota kisicho na picha yake. Orodha kubwa iliyochapishwa mwaka 1895 ilitaja jina la Pickering tu. Fleming hakutajwa, na kwa maoni yangu hiyo ni kasoro iliyokuwa kubwa kuliko ya sahani yoyote.

Picha yaweza kuwa safi kabisa na maelezo yake yakawa potofu. Isaac Roberts, mwenye kazi ya ujenzi huko Liverpool, alipiga picha ya wingu la Andromeda tarehe 29 Desemba 1888, na kwa mara ya kwanza watu wakaona mikono yake iliyojizungusha. Roberts na wengi wengine walisema kwamba hapo wanaona jua na sayari zake zikizaliwa. Picha haikusema hivyo. Mwaka 1923 Edwin Hubble, kwa darubini ya Mlima Wilson, aligundua katika Andromeda nyota ambayo mwanga wake hupanda na kushuka kwa kipimo, na kwayo akapima umbali. Wingu lile dogo la al-Sufi likatambulika kuwa ni galaksi nzima, iliyo mbali kabisa nje ya hii yetu.

Miaka iliyofuata nitaipita upesi. Mwanakemia David Malin, aliyeingia kazini Australia mwaka 1975, alitumia dawa na sahani kwa ustadi mkubwa, akatoa rangi na ukungu ambao wenye sahani hizo hawakujua kuwa umo. Lakini siku za sahani zilikuwa zikikatika. Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith, katika maabara ya Bell huko Marekani, walibuni kipande cha silikoni kiugeuzacho mwanga kuwa umeme, nacho kiliitwa CCD. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2009. Sahani ya kioo ilishika asilimia moja au mbili tu ya mwanga ulioifikia. Kipande cha silikoni kilicho bora hushika zaidi ya asilimia 80. Chumba cha giza kikahamia ndani ya kompyuta.

Sasa turudi Lodwar tukaone kazi hiyo ifanywavyo leo. Taabu ya kwanza ni kuufanya mtambo ufuate nyota. Ulaya mtu huuelekeza mtambo kwenye Nyota ya Kaskazini na kazi imekwisha. Lodwar nyota hiyo iko digrii tatu tu juu ya upeo wa macho, imezama katika vumbi na vilima, na mara nyingi haionekani. Yambidi mtu achague nyota nyingine, aitazame inavyohama katika darubini, na kuusogeza mtambo kidogo kidogo hata itulie. Ya pili ni upepo. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya umo mkondo mkali wa upepo upitao Turkana, ambao Kinuthia na Asnani waliueleza mwaka 1982, nao huvuma sana usiku na alfajiri. Darubini isiyokingwa hutikisika, na nyota zote hutoka kama mayai.

Ya tatu ni chenga, na hapo ndipo ulipo moyo wa kusafisha. Chenga za picha ni kama chenga za mchele, hazitoki kwa mkono bali kwa ungo. Mpiga picha hapigi picha moja, hupiga hamsini, au mia, au zaidi, za wingu lile lile. Chenga huanguka ovyo, leo hapa na kesho pale, lakini mwanga wa nebula huanguka mahali pake daima. Kompyuta huzipanga picha zote moja juu ya nyingine, nyota juu ya nyota, ikatafuta wastani. Lililo la kweli hubaki, la ovyo hupungua. Walakini hesabu yake ni ya choyo: picha mia hazipunguzi chenga mara mia, huzipunguza mara kumi tu. Atakaye kuzipunguza mara ishirini na apige picha mia nne.

Uko uchafu mwingine usiopungua kwa wastani, kwa sababu si wa ovyo. Kipande cha silikoni kikipata joto hujitengenezea nuru yake chenyewe, na kila joto lipandapo nyuzi sita au saba, nuru hiyo ya uongo huongezeka karibu maradufu. Lodwar, ambako joto la mchana hufika nyuzi 35 na usiku wenyewe ni wa joto, kamera huzaa nyota zake yenyewe, nyekundu na za buluu, mahali pale pale katika kila picha. Dawa yake ni kuifunika kamera kwa kifuniko na kupiga picha za giza tupu, katika joto lile lile na kwa muda ule ule, kisha kulitoa giza hilo katika picha za mbingu. Na vumbi lililotua ndani ya kamera huacha viduara vya kivuli. Kwa hilo mtu hutandaza kitambaa cheupe mbele ya darubini wakati wa mapambazuko, hata shati la shule lafaa, akapiga picha za weupe mtupu, na kompyuta ikasawazisha kwazo. Kakuma, ambako watu wamekuwa wengi na taa zimeongezeka, pana pia mng'ao upandao kutoka chini, ambao lazima upimwe na kuondolewa.

Utaona, msomaji, kwamba kwa kufanya hayo yote mtu hujifunza kwanza habari za chombo chake, ndipo ajifunze habari za nyota. Somo hili limekwisha kutokea Turkana yenyewe, tena bila kamera. Kando ya njia itokayo Lodwar kwenda Kalokol yapo mawe marefu 19 ya volkeno yaliyosimamishwa na watu wa kale. Mahali hapo huitwa Namoratunga, na Waturkana husimulia kwamba mawe hayo ni watu waliogeuzwa wakiwa katika ngoma. Mwaka 1978 wataalamu Lynch na Robbins walichapisha habari kwamba mawe hayo yalipangwa kuelekea mahali zilipochomoza nyota fulani mnamo mwaka 300 kabla ya Kristo, Kilimia na nyota za Jabari zikiwamo, na kwamba yalikuwa kalenda mfano wa ile ya Waborana. Habari hiyo ilipokewa kwa shangwe. Mwaka 1982 Soper alionyesha kwamba mawe yale yana sumaku, na sumaku huipotosha dira. Alipopima upya, pembe hazikuwa zile zile. Wengine waliendelea kuitetea kalenda. Lakini uchimbuzi wa karibu katika mahali pa nguzo kama hizo kandokando ya ziwa umeleta habari nyingine. Huko Lothagam Kaskazini, kwa taarifa iliyochapishwa mwaka 2018, wafugaji wa kwanza wa nchi hii walizika watu wao wasiopungua 580, baina ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita. Jambo hilo halikupunguza heshima ya Turkana hata kidogo, liliiongeza.

Limebaki suala la rangi, ambalo watu huuliza kuliko yote: je, rangi zile ni za kweli? Tarehe 1 Aprili 1995 darubini ya Hubble, iliyo angani, ilipiga picha ya nguzo tatu za gesi na vumbi katika nebula ya Tai. Picha zilizoshuka zilikuwa nyeusi na nyeupe, kila moja ikiwa imeshika mwanga wa gesi moja. Wanasayansi Jeff Hester na Paul Scowen wakaipa salfa rangi nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni buluu. Kumbe mwanga huo wa haidrojeni, jicho likiuona, ni mwekundu. Wengine husema huo ni udanganyifu. Mimi sisemi hivyo, kwa sababu kanuni ilitangazwa wazi na kila rangi yasimama mahali pa kitu kilichopimwa. Ramani hupaka jimbo rangi ya manjano na hapana asemaye kuwa nchi yenyewe ni ya manjano. Ninalolichukia ni jambo jingine: mtu kuivuta picha hata chenga zikageuka kuwa nyuzi za ukungu, au kuiachia programu ijaze mapengo kwa yale iliyoyaona katika picha za watu wengine, kisha akaandika chini yake kwamba ndivyo alivyopiga Jabari usiku ule. Huyo amerudi kwa Lord Rosse, lakini Rosse hakujua.

Mwanafunzi wa Lodwar au Kakuma aweza kuijaribu kazi hii hata bila darubini. Picha za Hubble na za darubini mpya ya Webb, zile zisizosafishwa bado, zimehifadhiwa Baltimore, Marekani, na baada ya muda wa waliozipiga kupita huachwa wazi kwa kila mtu mwenye intaneti. Programu za kuzisafishia, kama Siril na GIMP, hazina malipo. Zile nyeusi na nyeupe za nebula ya Tai za mwaka 1995 zimo pia, moja ya salfa, moja ya haidrojeni, moja ya oksijeni, nazo zina alama na michirizi iliyoachwa na chembe za angani zilizokipiga kipokea-mwanga. Anayezifungua kwa mara ya kwanza hushangaa kuona zilivyo chafu, na ya kuwa yeye mwenyewe ndiye atakayeamua kila alama ni ya nini.